Klomifeni au letrozoli: kuchagua dawa ya kupevusha yai kwa kuelewa vipokezi vya estrojeni

Mwanamke ambaye yai lake halipevuki kwa mpangilio, akifika kliniki ya uzazi na vipimo vyake vikakamilika, mara nyingi huandikiwa mojawapo ya dawa mbili: klomifeni, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Clomid, au letrozoli. Zote ni vidonge, zote humezwa kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko wa hedhi, na zote zinakusudia kuufanya ubongo uiamuru ovari ikomaze yai. Kwa sababu ya kufanana huko, wapo wanaozichukua kuwa kitu kimoja chenye majina mawili, na wapo wanaohama kutoka moja kwenda nyingine kwa ushauri wa rafiki. Naliona hilo kuwa kosa linalowapotezea miezi watu wenye kiu ya mtoto, kwa kuwa njia za dawa hizi zinapishana: moja huziba vipokezi vya estrojeni, nyingine huviacha wazi na kupunguza estrojeni yenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua hali ya mfuko wa uzazi siku mimba inapotafuta mahali pa kujishikiza, na ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi.

Estrojeni na vipokezi vyake

Damu huisambaza estrojeni mwili mzima, lakini zinazoiitikia ni zile seli zenye vipokezi vyake. Jambo hili lilidhihirika mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Chicago, pale Elwood Jensen alipowapa panya wachanga estrojeni iliyotiwa alama ya mionzi, akaona kwamba mfuko wa uzazi uliishika na kubaki nayo ilhali misuli iliiachia ipite. Kipokezi hicho leo huitwa alfa. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Sweden, wakiwemo George Kuiper na Jan-Åke Gustafsson, walitangaza kipokezi cha pili, kinachoitwa beta, ambacho ni kingi katika seli zinazolizunguka yai ndani ya ovari. Kwa mambo mawili tunayoyajadili hapa, yaani amri za ubongo na ukuaji wa utando wa mfuko wa uzazi, kipokezi cha alfa ndicho chenye sauti kubwa zaidi.

Tukichukulia kipokezi kuwa kiti, estrojeni ni mgeni anayekikalia. Mgeni akishaketi, kiti pamoja na yeye hushika sehemu maalumu za DNA ndani ya kiini cha seli, na jeni kadhaa huwashwa. Jambo la kustaajabisha, na ambalo maelezo mengi ya mitaani kuhusu mvurugiko wa homoni huliruka, ni kwamba miongoni mwa jeni hizo zimo zile zinazotengeneza viti vingine. Katika utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, nusu ya kwanza ya mzunguko, estrojeni huongeza vipokezi vyake yenyewe na pia hutengeneza vipokezi vya projesteroni. Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka, na kama estrojeni haikutangulia kuiandalia, itafika kwa wingi na kukosa pa kukaa. Ikipata pa kukaa, hupunguza vipokezi vya estrojeni na hatimaye hata vya kwake yenyewe katika seli za juu za utando. Ukuaji husimama, na utando huanza kujiandaa kupokea kiinitete. Kwa hiyo kipimo cha damu kinachoonyesha homoni ya kutosha hakitoshi kutuhakikishia kwamba tishu imesikia.

Ubongoni hali ni tofauti. Seli za haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, zinazotoa homoni ya GnRH, ambayo ndiyo inayoiamsha tezi ya pituitari, hazina kipokezi cha alfa. Ujumbe wa estrojeni huzifikia kupitia seli jirani zinazotengeneza kisipeptini, ambazo zenyewe zina vipokezi hivyo. Kwa siku nyingi za mwezi ujumbe huo ni wa kuzuia: estrojeni ikiwapo ya kutosha, pituitari hupunguza homoni ya FSH inayokuza vijifuko vya mayai. Lakini kijifuko kilichotangulia wenzake kinapokomaa, estrojeni hupanda sana, na ikidumu juu ya takribani pikogramu 200 kwa mililita kwa muda wa kama siku 2, amri hugeuka kutoka kuzuia na kuwa kuchochea. Pituitari humwaga wimbi la homoni ya LH, na yai hutoka takribani saa 36 baada ya wimbi hilo kuanza.

Tuna basi homoni moja yenye kazi tatu: kuuzuia ubongo, kisha kuuchochea, na wakati huohuo kuustawisha mfuko wa uzazi. Daktari anayetaka FSH ipande anahitaji kuiondoa kazi ya kwanza kwa siku chache bila kuziharibu mbili zilizobaki. Hapo ndipo dawa hizi mbili zinapoachana.

Klomifeni: kukikalia kiti

Klomifeni iliundwa mwaka 1956 katika maabara za kampuni ya Merrell huko Cincinnati, Marekani. Mwaka 1961 Robert Greenblatt na wenzake waliripoti kwamba iliwafanya wanawake wasiopevusha mayai wapevushe, na mwaka 1967 ikaidhinishwa rasmi Marekani. Ni dawa iliyowapa watoto watu wengi mno, na sitaki msomaji aondoke hapa akidhani naidharau.

Inavyofanya kazi ni hivi: hukaa kwenye kipokezi cha estrojeni, lakini kwa sehemu kubwa haikiwashi. Haipothalamasi, ambayo viti vyake sasa vimekaliwa na mgeni asiyesema, huhisi kana kwamba estrojeni imetoweka, hivyo huongeza mapigo ya GnRH, na FSH hupanda. Kasoro ni kwamba mgeni huyu haondoki mapema. Estrojeni ya kawaida hukaa kwenye kipokezi kwa muda wa saa tu, ilhali klomifeni hubaki mwilini kwa siku nyingi na huchelewesha seli kujaza vipokezi vipya, kiasi kwamba idadi ya vipokezi hupungua. Kidonge chenyewe ni mchanganyiko wa maumbo mawili, takribani asilimia 62 ya enklomifeni, ambayo ndiyo hasa yenye nguvu ya kuzuia, na asilimia 38 ya zuklomifeni, ambayo hutoka mwilini polepole na hata wiki kadhaa baadaye mabaki yake huweza kupatikana kwenye damu.

Matokeo yake huonekana katika sehemu zote zenye vipokezi. Utando wa mfuko wa uzazi, ambao ungepaswa kunenepa kwa nguvu ya estrojeni inayopanda, huwa mwembamba kwa baadhi ya wanawake ingawa estrojeni ya damu iko juu kuliko kawaida. Mgeni yupo mlangoni, viti vimejaa. Ute wa mlango wa kizazi, ule wa kuvutika ambao wanawake huutambua siku za kupevuka kwa yai, huweza kuwa haba na mzito, na mbegu za kiume zikapata tabu kupita. Wataalamu wengi huona kwamba hii ni sehemu ya sababu ya pengo la siku nyingi katika takwimu za klomifeni: takribani wanawake 7 hadi 8 kati ya 10 hupevusha yai wakiitumia, lakini wanaoshika mimba ni wachache kuliko hesabu hiyo ingetufanya tutarajie. Ubongo nao hulalamika kwa namna yake. Sehemu inayodhibiti joto la mwili ipo jirani na huhisi upungufu uleule, na ndiyo maana joto la ghafla usoni na kifuani, kama la wanawake waliokoma hedhi, huwapata wengi. Wachache huona ukungu, vimulimuli au vivuli machoni. Hao waache dawa mara moja na warudi kwa daktari, na wasiambiwe wavumilie.

Letrozoli: kupunguza wageni

Letrozoli haigusi kipokezi hata kidogo. Huzuia kimeng'enya cha aromatasi, ambacho hugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni ndani ya ovari, kwenye mafuta ya mwili na hata ubongoni. Wageni hupungua kwa siku chache, viti vinabaki vitupu na salama. Haipothalamasi huona upungufu ambao safari hii ni wa kweli, na FSH hupanda vilevile.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya niione njia hii kuwa na mantiki nzuri zaidi. Nusu ya kiasi cha letrozoli hutoka mwilini katika takribani siku 2, kwa hiyo mwanamke aliyeimeza kuanzia siku ya 3 hadi ya 7 ya mzunguko huwa ameshaondokewa na karibu dawa yote kijifuko kikubwa kinapokaribia kupasuka au muda mfupi baadaye. Aromatasi huamka, estrojeni hupanda, na inapofika kwenye mfuko wa uzazi hukuta vipokezi vyake vipo tayari. Utando hunenepa, ute huvutika, vipokezi vya projesteroni hutengenezwa kwa wakati wake. Ubongoni nako, kwa kuwa kipokezi kiko wazi, estrojeni ya kijifuko kilichotangulia hupokewa kama kawaida na FSH hushuka. Vijifuko vidogo, vinavyoishi kwa kutegemea FSH, hukosa lishe na kufa, na mara nyingi hubaki kimoja. Kwa klomifeni, breki hiyo ya FSH hubaki imezuiwa kwa muda mrefu zaidi, na vijifuko viwili au vitatu vinaweza kuendelea pamoja.

Lipo na jambo la pembeni linalofaa kutajwa. Aromatasi inapozuiwa, homoni za kiume hurundikana kwa muda ndani ya ovari, na uchunguzi wa nyani umeonyesha kwamba homoni hizo huongeza vipokezi vya FSH katika vijifuko vinavyokua, hivyo huenda kijifuko kikawa msikivu zaidi kwa FSH ileile.

Madhara yake ya kawaida ni uchovu na kizunguzungu, na joto la ghafla pia huweza kuwapo lakini kwa uchache.

Majaribio yanasema nini

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani likiongozwa na Richard Legro, likiwa na wanawake 750 wenye PCOS, hali ambayo wengi huiita vivimbe kwenye vifuko vya mayai. Waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu klomifeni na nusu letrozoli, kwa mizunguko isiyozidi 5. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni. Mizunguko ambayo yai lilipevuka ilikuwa asilimia 61.7 dhidi ya 48.3. Mapacha walikuwa asilimia 3.4 ya mimba za letrozoli na 7.4 za klomifeni, ingawa mimba hazikuwa nyingi kiasi cha kuiondoa bahati kama sababu ya tofauti hiyo. Faida ya letrozoli ilionekana wazi zaidi kwa wanawake wenye uzito mkubwa. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2018, na ule uliofuata wa 2023, ukaiweka letrozoli kuwa dawa ya kwanza kwa wanawake wenye PCOS wasiopevusha mayai na wasio na kikwazo kingine cha uzazi.

Hata hivyo matokeo hayo ni ya PCOS, na hayapaswi kubebwa na kupelekwa kila mahali. Mwaka 2015 jaribio jingine la Marekani lilihusisha jozi 900 za wake na waume ambao ugumba wao haukupatikana sababu. Wanawake hao walikuwa wakipevusha mayai, na dawa zilitolewa pamoja na kupandikiza mbegu ndani ya mfuko wa uzazi. Waliojifungua walikuwa asilimia 32.2 kwa sindano za gonadotropini (homoni zinazoichochea ovari moja kwa moja), 23.3 kwa klomifeni na 18.7 kwa letrozoli. Gonadotropini zilileta pia mimba nyingi za watoto zaidi ya mmoja, jambo ambalo si dogo kwa usalama wa mama. Mtu anayesema kwamba letrozoli ni bora daima amelisoma jaribio moja na kuliacha la pili.

Hofu ya kasoro kwa watoto

Matumizi ya letrozoli kwa ajili ya uzazi yaliripotiwa kwanza mwaka 2001 na Mohamed Mitwally na Robert Casper wa Toronto, Kanada, wakati dawa hiyo ilikuwa imeidhinishwa kwa saratani ya matiti tu. Mwaka 2005 muhtasari uliowasilishwa kwenye mkutano wa wataalamu huko Montreal ulidai kwamba watoto waliozaliwa kwa dawa hii walikuwa na kasoro nyingi zaidi za moyo na mifupa, na kampuni inayoitengeneza ikatoa onyo. Udhaifu wa ulinganisho ule ulikuwa mkubwa, kwani watoto hao walilinganishwa na watoto wa wanawake wenye umri mdogo zaidi waliojifungua kwa kawaida. Mwaka uliofuata uchunguzi wa watoto 911 wa Kanada, wote wakiwa wa mama waliotibiwa ugumba, ulikuta kasoro kwa asilimia 2.4 ya watoto wa letrozoli na 4.8 ya watoto wa klomifeni. India iliipiga marufuku letrozoli kwa ugumba mwaka 2011, kisha ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2017.

Ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ya karatasi iliyomo ndani ya boksi. Mwanamke aliyeandikiwa letrozoli akifika nyumbani na kuifungua, anasoma kwamba ni dawa ya saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi na kwamba isitumiwe na mjamzito. Hofu yake ni halali, na daktari aliyemwandikia alipaswa kumweleza mapema kwamba matumizi haya hayamo katika idhini ya asili ya dawa, kwamba kipimo cha mimba lazima kifanyike kabla ya kila duru ya vidonge, na kwamba siku 5 za mwanzo wa mzunguko ni kitu kingine kabisa na kumeza kila siku kwa miaka 5 kama wagonjwa wa saratani.

Nani aanze na ipi

Kabla ya kuchagua, lazima ijulikane kwa nini yai halipevuki. Dawa zote mbili hufanya kazi kwa kuunyima ubongo ujumbe wa estrojeni. Mwanamke ambaye haoni hedhi kwa sababu ya njaa, mazoezi makali au msongo mkubwa, na ambaye estrojeni yake iko chini sana, hana ujumbe wa kunyimwa. Ubongo wake unaona upungufu tayari na bado hauitikii. Kwake klomifeni na letrozoli kwa kawaida hazisaidii, na tiba huanza na lishe na uzito, au homoni za sindano. Mwenye prolaktini nyingi, ile homoni ya kutoa maziwa, hutibiwa prolaktini, mwenye tatizo la tezi ya shingo hutibiwa tezi. Na ambaye ovari zake zimechoka, FSH yake iko juu tayari. Kuipandisha zaidi hakuleti yai. Mirija ya uzazi ipigwe picha kama ipo sababu ya kuishuku, na mbegu za mume zipimwe mwanzoni kabisa. Katika jamii zetu mke hupelekwa kliniki peke yake, akameza dawa miezi mingi, na mume akapimwa mwisho, au asipimwe kamwe. Hiyo ni dhuluma kwa mke na ni upotevu wa umri wake.

Kwa mwenye PCOS, ningemshauri azungumze na daktari wake kuhusu kuanza na letrozoli, miligramu 2.5 kwa siku, na kuongezwa hadi 5 na 7.5 ikiwa yai halikupevuka. Ushauri huo una nguvu zaidi ikiwa uzito wake ni mkubwa, ikiwa aliwahi kutumia klomifeni na utando ukabaki mwembamba, au ikiwa mimba ya mapacha ingekuwa ya hatari kwake. Mwenye uzito mkubwa aelewe pia kwamba kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kunaweza kurudisha mayai kabla ya kidonge chochote.

Klomifeni inabaki chaguo la heshima mahali letrozoli haipatikani, pale ambapo mgonjwa hataki dawa ambayo idhini yake ya asili si ya uzazi, au kwa yule aliyewahi kushika mimba kwayo bila taabu. Huanza kwa miligramu 50 na kwa kawaida haizidi 150. Haimfai mwenye ugonjwa wa ini wala mwenye damu inayotoka ukeni bila sababu kujulikana. Na kwa wale wanaoitafuta madukani wakiwa wanapevusha mayai vizuri, kwa nia ya kupata mapacha, nawasihi waache: wanauziba mfuko wao wa uzazi masikio kwa ajili ya mimba ambayo, ikipatikana, ina hatari kubwa zaidi ya watoto kuzaliwa kabla ya wakati na mama kupata kifafa cha mimba.

Kwa dawa yoyote itakayochaguliwa, mzunguko wa kwanza unafaa kufuatiliwa kwa ultrasaundi, ili zihesabiwe vijifuko na upimwe unene wa utando. Projesteroni ipimwe takribani siku 7 baada ya siku inayodhaniwa kuwa ya kupevuka, kwa sababu hedhi kuja si uthibitisho kwamba yai lilitoka. Ikiwa utando haufiki milimita 7 kwa klomifeni, kuongeza dozi ni kuongeza kizibo kilekile, na hapo kuhamia letrozoli kuna maana ya kibayolojia. Ikiwa yai linapevuka vizuri, utando ni mnene, mbegu za mume ni nzuri, na mizunguko 6 imepita bila mimba, tatizo haliko tena kwenye ujumbe wa estrojeni, na mazungumzo na daktari yahamie kwenye mirija, sindano za gonadotropini au utungishaji wa nje ya mwili.